Trekta Yako Haijashika Tangu Nitoke Meru

Jumatatu, uani kwako

Jama, walaal, ndugu yangu,

Salaam aleikum kwanza. Ulikuwa hukubali mtu aanze habari kabla ya salamu, hata nyumba ikiungua. Nakumbuka siku niliyokuja mbio kukwambia gurudumu la trela limechomoka njiani. Uliniangalia tu, kimya, mpaka nikasimama, nikameza mate, nikakusalimu vizuri. Ndipo ukajibu "Ejok noi," kwa hicho Kiturkana chako cha kuokota sokoni, ukauliza, "Haya, gurudumu limefanyaje?" Basi leo nimeanza na salamu. Najua huwezi kuitikia. Nimezoea. Siku hizi mimi nashinda na vitu visivyoitikia.

Trekta imekataa tena.

Naandika nikiwa nimekaa juu ya madigadi ya kushoto, mahali pangu pa miaka yote tulipokuwa tukienda Burat, wewe kwenye usukani, mimi nikimeza vumbi. Karatasi nimezichana nyuma ya daftari letu la vipimo vya beringi, kwa hivyo usishangae ukiona oili kwenye pembe. Kuku mmoja wa mkeo, Mama Hodan, ametagia chini ya injini. Nimemwacha aatamie. Angalau kuna mmoja anayefanya kazi hapa.

Nimechoka, Jama. Wacha niseme mapema ili nisirudie kila ukurasa. Magoti yamekwisha. Mgongo ukiinama hauinuki bila kubembelezwa. Nalala mapema na naamka nimechoka vile vile. Mke wangu anasema nipumzike nyumbani, lakini nikipumzika nakaa nikiwaza hii mashine, kwa hivyo naona heri niwe hapa nikiitazama.

Habari za hapa ni hizi. Mama Hodan amebakiza wiki chache amalize eda yako. Hatoki, ila anasikia kila kitu, maana dirisha lake liko hatua chache tu kutoka pale ulipokuwa unaegesha. Kila siku saa nne ananitumia chai ya maziwa ya ngamia kwenye ile thamosi nyekundu, sukari nyingi, ile uliyokatazwa na daktari ukawa unakunywa kwangu. Nakunywa hapa nje. Sijaingia ndani tangu uondoke. Nitakueleza kwa nini, lakini si leo.

Binti yako Hodan bado anafundisha shuleni. Ameanza kutembea kama wewe, mikono nyuma, akitafuta kosa. Jana alisimama mbele ya trekta akaangalia kutu kwenye boneti, akaniambia, "Adeer, mimi sikulaumu. Lakini miezi mitatu sasa. Ijumaa baada ya swala kuna mtu wa vyuma chakavu anakuja na lori. Ikishika kabla ya hapo, itabaki. Isiposhika, wacha aende nayo." Ananiita adeer, baba mdogo, tangu ajifunze kuongea, na hata akikupa habari mbaya hasahau heshima. Wingu limeshaanza kukaa upande wa milimani, majirani wa Burat wanauliza watalimiwa na nani mwaka huu, na mashine imelala hapa ikifugwa na kuku.

Lakini wewe unawajua wale watu wa chuma. Hawaburuti trekta ikiwa nzima. Wanakuja na mtungi wa gesi, wanakatia hapo hapo uani, madigadi, boneti, mpaka kile kiti ulichokishona mwenyewe kwa ngozi ya ngamia. Na Mama Hodan atakuwa nyuma ya pazia akisikia kila kipande kikianguka. Mimi nitabaki fundi ambaye kazi yake ya mwisho kwako ilikuwa ni kuiua. Kwa sababu ilikuwa inatembea, Jama. Kabla sijaigusa, ilikuwa inavuja tu.

Sasa nikupe ripoti, maana nakusikia ukiuliza, "Umeangalia betri?" Nimeangalia betri. Niliipeleka town kwa boda boda, nimeikumbatia njia nzima, ikakaa kwenye chaji, ikarudi na nguvu. Vichwa vyake nimevimwagia maji moto mpaka ule ukoko wa kijani ukatoka. Stata inazunguka vizuri kuliko wakati wako, na usikasirike, ni kweli. Dizeli ya zamani nimeimwaga yote, nikaosha tangi, nikakuta maji kidogo na mende mmoja. Filta ni mpya. Hewa ya kwenye paipu za dizeli nimetoa, tena si mara moja. Nalegeza ile skrubu juu ya filta, napampu kwa kidole gumba, povu linatoka, linatoka, mpaka dizeli inakuja safi bila kiputo, nafunga. Nozo nimezifungua zote nikazijaribu, zinanyunyiza sawa. Nimechungulia hata bomba la moshi, kama kuna ndege amejenga humo tena, kama ule mwaka wa ukame. Hakuna ndege.

Nageuza ufunguo. Inazunguka, inazunguka, inakohoa mara moja, inatoa moshi mweupe, inanyamaza. Kila mara hivyo hivyo. Na wewe ndiye ulinifundisha kwamba moshi mweupe ni dizeli iliyoingia bila kuungua. Kwa hivyo dizeli inafika. Inafika lakini haiwaki. Hapo ndipo nimekwama, ama niseme hapo ndipo nimejikwamisha.

Kesho nitafungua filta tena. Najua si filta.


Jumatano

Jana nilifungua filta nikaifunga. Leo nimefungua nozo nikazifunga. Ningekuwa mteja wangu mwenyewe ningeshajifukuza.

Unakumbuka Merti? Utasema nani atasahau Merti, na hakuna kibanda cha chai Isiolo ambako hukuisimulia. Tuliitwa kulima mashamba ya kando ya mto. Tukashusha trekta kwenye lori, tukalima siku mbili, siku ya tatu tulipotoka kula ikakataa. Nilifungua kila kitu. Nilitandaza turubai nikapanga vyuma juu yake kama mtu anayeuza mitumba. Wazee wa pale wakaja wakakaa kutazama, na kila mmoja alikuwa na maoni. Wewe ulikuwa umelala chini ya trela, kofia usoni. Jua likianza kupoa uliamka, ukaizunguka trekta mara moja, ukanyoosha mkono ukafungua koki ya dizeli. Koki ambayo mimi mwenyewe niliifunga tulipokwenda kula. Ukaniuliza, "Fundi, ulichogusa mwisho ni nini?" Halafu ukacheka mpaka ukakaa chini.

Tangu siku ile ikawa ndiyo sheria yako. Kitu kikikataa, anza na ulichogusa mwisho. Mchele wa Mama Hodan ukiungua, ulichogusa mwisho ni nini. Hodan akianguka hesabu, ulichogusa mwisho ni nini, kitabu ama simu? Ai, ulituchosha nayo. Hata padri wetu alipokuja na gari yake ikizimika kila kona, ulimuuliza hivyo hivyo, na mimi nikatamani ardhi inimeze.

Nami najua nilichogusa mwisho. Nilikijua tangu siku ya kwanza. Ni pampu ya dizeli. Nimekagua kila kitu katika hii trekta isipokuwa kazi ya mikono yangu mwenyewe, kwa sababu kuifungua pampu ni kuifungua ile siku.

Wacha niiandike basi. Pengine kuandika ni kama kutoa hewa.

Wewe ndiye ulinituma. Dizeli ilikuwa inavuja ndani ya pampu ikiingia kwenye oili. Tuliitoa pamoja mchana, wewe ukikohoa na kusema ni vumbi. Ukaniambia, "Panda Meru asubuhi umwone yule mtu wa pampu. Na usirudi bila hiyo." Hata hukunishukuru, ukaingia kuswali. Nikapanda asubuhi. Saa nne Hodan akapiga simu. "Adeer, baba ametutoka. Njoo."

Jama, mimi nimeishi na nyinyi miaka thelathini. Nilikuja hapa kijana mwenye shati moja, mbuzi wetu wote wamekufa, ukanipandisha kwenye hii madigadi bila kuuliza kabila wala dini. Nimechimba makaburi ya watu wenu asubuhi tukazika kabla ya adhuhuri. Najua Mwislamu hangojewi. Hakuna kamati, hakuna mochari, hakuna wiki mbili za kusubiri watu wa mbali, kama tunavyofanya sisi. Mtu angeniuliza siku nyingine yoyote ningemjibu bila kufikiri. Lakini siku ile nilisimama kwenye kaunta ya yule mtu wa pampu, simu mkononi, nikawaza kama Mturkana wa kanisani. Niliwaza kwamba kuna muda. Kwamba watu watakaa, wataomba, wataita wengine. Kwamba pampu itakuwa tayari saa tisa, nitarudi nayo, nitaifunga, na trekta ivute maji ya waombolezaji. Nilijiona mtu wa maana sana.

Hiyo ndiyo hadithi ninayowapa watu. Wewe nitakwambia ile nyingine. Ulisema nisirudi bila pampu. Nilivyokuwa nangoja pale, bado nilikuwa mtu aliyetumwa na wewe. Ningeondoka mikono mitupu, ningekuwa nimekubali kwamba hakuna tena wa kunituma. Kwa hivyo nilikaa. Nilikaa kwa benchi nikingoja pampu, na huku nyumbani wewe unaoshwa, unavishwa sanda, unaswaliwa.

Nilifika watu wakirudi kutoka makaburini, wakikung'uta udongo kwenye kanzu. Mmoja alinishika bega akaniambia pole. Niliona aibu, wallahi, aibu kama ya mwizi. Sikuingia kwa matanga. Nilipita kando ya watu wote na gunia langu, nikaenda moja kwa moja kwa trekta nikaanza kufunga pampu. Wao wako kwa mikeka wanasoma Kurani, mimi nagonga na spana. Nikasikia mtu akiuliza, "Huyu ana wazimu?" Na mwingine akajibu, "Mwacheni. Ni Ekiru." Niliifunga machozi yakishuka, sioni vizuri, nikishindana na jua lisizame. Nikageuza ufunguo ili Mama Hodan aisikie. Ikakohoa mara moja, ikanyamaza.

Tangu hapo sijaingia kusema pole. Siku ya kwanza nilikuwa na aibu, ya tatu nikawa na sababu, ya arobaini sikuwa tena na uso. Nikajiambia, ikishika tu, nitaingia. Ikishika, nitakuwa nimeleta nilichotumwa. Sasa kesho kutwa inakatwa, na ikikatwa sitaingia mlango ule tena maisha yangu yote. Najijua.


Alhamisi

Leo Mama Hodan amenisemesha.

Nilikuwa nimejaribu mara ya tatu. Moshi mweupe umetanda uani, kuku ameacha mayai yake akilaani. Nikasikia dirisha likifunguka kidogo nyuma ya pazia. "Fundi," akasema, "hiyo kitu inachelewa."

Nilifikiri sikusikia vizuri. Akasema tena. Akasema ameisikiliza hiyo injini tangu kabla Hodan azaliwe, anaijua ikiwa na njaa na anaijua ikiwa na homa, na sasa hivi haina njaa wala homa. "Inachelewa tu. Iko kama mtu anaitikia salamu mgeni akishapita."

Nilikaa chini pale pale kwenye vumbi. Alikuwa anaongea habari ya injini, najua, hakuwa na nia nyingine. Lakini ilinipata mimi.

Halafu akauliza, pole pole, kwa sauti ya mtu aliyechoka kuliko mimi, "Kwani Mzee alikuwa anakuuliza nini kila siku?" Pazia likarudi. Baada ya muda ikaja thamosi nyingine ya chai, ya pili kwa siku moja. Haijawahi kutokea, hata wewe hukuwahi kupewa mbili.

Basi nikachukua spana.

Niliondoa radieta, nikafungua kifuniko cha mbele cha injini, bolti moja moja, nikizipanga kwenye sinia nisipoteze hata moja. Nikapangusa oili kwa kitambaa. Umenionyesha mahali hapo mara ngapi? Gea ya injini ina nukta iliyogongwa juu yake, gea ya pampu ina yake, na hizo nukta mbili lazima zitazamane, ndiyo dizeli iingie kwa wakati wake. Ulikuwa ukinishika kichwa kabisa na kukiinamisha. "Angalia kwa macho, si kwa mazoea." Nikainamisha kichwa mwenyewe. Nukta ya injini iko hapa. Nukta ya pampu iko nyuma, jino moja.

Jino moja, Jama. Betri nzima, nozo nzima, pampu nzima, imetengenezwa vizuri sana huko Meru. Mimi ndiye niliisukuma kwa haraka siku ile, gea ikateleza, na kwa sababu sikutaka kutazama tena, mashine imekaa miezi mitatu. Kikulacho ki nguoni mwako, Hodan huwafundisha watoto, na mimi nimekuwa nikikung'uta nguo za watu wengine. Ungekuwepo ungecheka mpaka ukae chini, halafu ungeenda kuisimulia soko la mifugo. Nilicheka kidogo kwa niaba yako. Halafu nikaegemeza kichwa kwenye gurudumu la mbele nikalia kama mtoto, na sikujali nani anaona. Nilikuwa sijalia sawasawa tangu siku ile, nilikuwa nalia huku nikigonga.

Nimezilinganisha. Nimezungusha injini kwa mkono mzunguko mzima, nikatazama. Nikazungusha tena, nikatazama. Jua linashuka na kazi bado ipo, kifuniko, radieta, kutoa hewa. Ningeweza kukimbizana nalo. Nimeweka spana chini. Kesho Ijumaa, mtu wa chuma anakuja mchana, na bado nimeweka spana chini. Nadhani ungekubaliana na mimi.


Ijumaa, baada ya alasiri

Hodan aliomba ruhusa shuleni akaja asubuhi, akanikuta nimesharudisha kifuniko na radieta. Kutoa hewa ya kwenye nozo kunataka watu wawili, mmoja kwenye ufunguo, mwingine kwenye nati, na kwa miaka yote hao wawili walikuwa sisi. Alikunja buibui lake akapanda kwenye kiti chako. Nilikuwa sijaona mtu kwenye kile kiti tangu uondoke. Nilijifanya natafuta spana ya kumi na saba, na nilikuwa nimeishika.

Kuku tulimhamisha na mayai yake kwenye karai. Alitutukana sana.

Nyuma ya pazia nikamsikia Mama Hodan akisema bismillahi, kwa sauti, kama ulivyokuwa unasema wewe na mkono juu ya boneti. Mimi nikafanya ishara ya msalaba. Ulikuwa unanicheka hapo kila mara, "Haya, tumeita pande zote mbili, isiposhika ni betri." Nikamwambia Hodan ageuze.

Ikazunguka. Dizeli ikaruka kwenye nati ya kwanza, nikakaza. Ya pili, nikakaza. Ya tatu. Ikapiga moja. Ikapiga mbili. Halafu ikashika, Jama! Ikashika! Moshi mweusi kwanza, nguo za jirani kwenye kamba zikala masizi, halafu ukasafika, na uani kukajaa ile sauti yako, dugu dugu dugu, vikombe vikitetemeka jikoni. Hodan akaziba mdomo kwa mikono miwili. Mimi nilisimama tu na spana, naogopa hata kupumua isije ikabadilisha nia.

Tukaiacha ikinguruma. Hodan aliingia ndani, akatoka, akaniambia, "Mama anakuita."

Nilinawa mikono kwa sabuni ya unga mara mbili. Nikavua viatu mlangoni. Sebule yako iko vile vile, ila kofia yako iko juu ya msumari na hakuna anayeivaa. Mama Hodan alikuwa upande wa pili wa pazia. Nilikuwa nimepanga maneno tangu Meru, miezi mitatu nayapanga, na yote yakaniruka. Nikasalimu. Akaitikia. Na kabla sijafungua mdomo tena, akasema, "Pole na safari, Ekiru. Umekawia Meru."

Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayempokea mtu aliyeshuka gari sasa hivi, miguu ina vumbi, anatafutiwa maji.

Nikamwambia pole. Nikamwambia pole, Mama, pole kwa Mzee, nisamehe, nilijua na sikuja. Neno fupi hivyo, limenichukua muda wote huo. Halafu akanieleza kitu ambacho hakuna aliyenieleza, na sasa najua kwa nini miezi hii yote watu wamekuwa wakiniangalia kwa jicho la lawama barabarani. Alisema imamu alitaka uzikwe baada ya adhuhuri. Kaburi lilikuwa tayari, watu wamekusanyika. Ni yeye aliyetuma neno nje kwa wanaume: mngojeni Ekiru, Mzee alimtuma, yuko njiani. Wakanung'unika, lakini wakangoja. Wakangoja mpaka alasiri.

Mwislamu hangojewi. Lakini wewe uliwekwa, walaal, jua lote la mchana, ukiningoja mimi.

Sijui nilitokaje mle ndani. Najua nilikunywa chai, kwenye kikombe, nimeketi kwa mkeka.

Mtu wa vyuma alikuja baada ya swala na lori lake na mtungi wake wa gesi. Hodan akamwonyesha trekta ikinguruma, akamwambia, "Hii bado iko na kazi." Jamaa alinuna. Ili safari yake isiwe bure kabisa, Hodan akampa kile kitanda cha chuma kilichovunjika ulichokataa kukitupa miaka yote. Nisamehe. Nilisimama pale na sikukitetea.

Nimechoka bado, usifikiri nimepona. Ila uchovu wa leo ni ule wa mtu aliyefanya kazi, huo naujua, huo unaisha na usingizi. Kesho naanza Burat. Shamba la Mama Hodan kwanza, kisha majirani, na mvua ikitupata njiani itupate. Eda ikiisha, ameagiza nimpeleke kwa trekta akaone kilichoota. Nimemwahidi. Yeye atakaa madigadi ya kulia. Ya kushoto ni yangu, Hodan ataendesha, nimeshaanza kumfundisha. Na kila kitu kitakachonikatalia kuanzia leo, nitaanza na nilichogusa mwisho, hata kikiwa kinauma.

Kuna ahadi nyingine moja, na hii ni kati yangu na wewe. Sijawahi kufika pale ulipolazwa. Nimepita ule ukuta mara nyingi nikitazama upande mwingine. Leo Hodan amenielekeza: safu ya tatu kutoka getini, kaburi lenye matawi ya miba juu. Kesho asubuhi, kabla ya shamba, nitapita. Trekta nitaiacha barabarani ikinguruma, usikie mwenyewe kwamba jino limekaa mahali pake. Nitaingia kwa miguu, mikono mitupu. Sitaanza na habari za pampu, wala za Meru, wala za kuomba msamaha. Nimechelewa, najua, na mwenyeji ameshalala.

Nitasalimu kwanza.

Fundi wako,
Ekiru